Kabla hamjatia sahihi na hiyo sacco

Mwanangu,

Jana uliponiuliza kwenye simu kama usajili jina la biashara au ufungue kampuni, nilikujibu mbiombio kwa sababu chapati zilikuwa zaungua. Leo nimekaa chini.

Sijui kama waikumbuka siku friji ilipotoka nyumbani. Ulikuwa darasa la pili. Mimi na shoga yangu tulikuwa na duka la leso pale Biashara Street, na hatukuwa tumeandikiana hata mstari mmoja. Nilipolazwa kumzaa nduguyo, mwenzangu akachukua marobota ya leso kwa mkopo, kwa jina la duka. Mali ikadoda. Mwenye deni hakuhangaika na aliyechukua, alimfuata aliyeonekana ana kitu. Dalali wa mahakama akaja na mkokoteni, vijana wake wakaibeba friji na nguru kilo mbili wamo ndani. Niliwaambia, "Ngojeni basi nitoe samaki." Wakangoja, si watu wabaya.

Sasa waniambia wewe na mwenzako mliyesoma naye mtaiandikia sacco programu ya mikopo, faida nusu kwa nusu, na hamjasajili kitu. Mama, huo tayari ni ubia. Sheria haingoji mpige muhuri. Mkifanya biashara pamoja mkitafuta faida, nyinyi ni wabia, na deni atakalowaletea mmoja linamfikia mwingine mpaka sebuleni.

Jina la biashara halitabadilisha hilo. Ada yake ni kama shilingi 1,000 kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, lakini jina ni jina tu: ukishtakiwa, anayeshtakiwa ni wewe. Ulipokuwa ukitengeneza tovuti za vihoteli vya Diani peke yako lilikutosha kabisa, na kwa kodi lilikufaa zaidi. Faida ya biashara yako yaingia kwenye ritani yako mwenyewe, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka. Shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400, na nafuu ya kodi ya kila mtu ni hiyo hiyo 2,400, basi hapo hulipi kitu. Kampuni haina nafuu hiyo. Inakatwa asilimia 30 ya faida kuanzia shilingi ya kwanza, kisha ukijilipa gawio, yaani mgao wa faida, linakatwa tena asilimia 5. Ndiyo maana wakati ule sikukusukuma.

Ila sacco si kihoteli. Picha ya chumba ikigoma kufunguka, mwenye hoteli atakupigia simu akulalamikie. Hesabu ya riba ikikosewa kwa wanachama mia tatu kwa miezi sita, hapo itakuja barua ya wakili. Kazi hiyo ifanywe na kampuni, ili ishtakiwe yenyewe na deni libaki lake. Ada yake imepita 10,000 kidogo, na tangu sheria ya 2015 hata mtu mmoja anatosha kuwa na kampuni yake. Zamani ilikuwa lazima mpatikane wawili. Wala hutalazimika kuajiri katibu wa kampuni mpaka mtaji uliolipwa, yaani pesa ya hisa mliyokwisha kuitia, ufike milioni 5. Utakachobeba ni ritani: ya KRA, hao watoza kodi, na ya msajili wa kampuni, kila mwaka, hata mwaka ambao hamkuingiza kitu. Ukisahau, faini hazisahau.

Na usidhani kampuni ni bima ya kila kitu. Ukienda benki kukopa watakutaka udhamini kwa jina lako, na ukitia sahihi hapo umerudi palepale pa friji. Kisha hiyo M-Pesa yako. Malipo ya wateja yanaingia humo, unga unanunuliwa humo, na mimi natumiwa humo humo. Pesa ya kampuni si yako hata kama kampuni ni yako. Fungueni akaunti yake, nawe ujilipe mshahara unaojulikana.

Kuna jambo nililoambiwa na mteja wangu mmoja wa leso, wakili, akichagua doti ya harusi ya mwanawe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa na mteja inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Vile vipande vya programu unavyovihamisha kutoka mteja hadi mteja, ulivyokesha navyo miaka miwili, viandikwe kwenye mkataba kuwa vinabaki vyenu na sacco imepewa ruhusa ya kuvitumia. Hilo lanitia wasiwasi kuliko hata kodi.

Mwenzako simsemi vibaya. Shoga yangu naye hakuwa mwizi, alidhani Idi ile watu watanunua. Lakini hukuniambia atakuwa na hisa ngapi, wala nani ataweza kutia sahihi peke yake, wala mmoja akipata kazi ya mshahara huko Nairobi hisa zake zaenda wapi. Muulize, kisha unipigie kabla ya Ijumaa. Piga baada ya magharibi, chapati zitakuwa zimeshaiva.

Mamako