Mume wangu anataka kurudia sigara, eti ndiyo dawa

Shangazi, shikamoo.

Mume wangu aliacha sigara mwaka jana kwa sababu mtoto wetu wa mwisho ana pumu. Haikuchukua muda akaanza kuhara damu. Akatibiwa amiba, akatibiwa taifodi, hali ikawa ileile, mpaka alipopimwa utumbo mpana kwa kamera na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya utumbo kikachunguzwe. Tukaambiwa ni vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe. Unatulia, halafu unaibuka tena. Siku hizi hatoki bila suruali ya akiba kwenye begi, na daladala hapandi kama hajui choo kiko wapi huko mbele.

Sasa kuna jambo amelisoma, na ubaya wake si uongo. Ugonjwa huu huwapata wasiovuta na walioacha kuliko wanaovuta. Madaktari wanalijua hilo tangu miaka ya 1980. Nilimuuliza daktari nikitegemea atacheka, akakubali! Ila akasema ugonjwa wa Crohn, unaofanana na huu, ni kinyume kabisa: mvutaji huzidiwa mara kwa mara, hupasuliwa zaidi, na hata akishakatwa utumbo ugonjwa humrudia upesi. Tena kuna wagonjwa walioambiwa wana vidonda vya utumbo mpana, baadaye ikaonekana ni Crohn. Viraka vya nikotini, vile vya kubandika kwenye ngozi, vilijaribiwa, vikawasaidia baadhi, lakini wengi vikawaletea kichefuchefu na kizunguzungu. Sigara yenyewe hakuna daktari atakayemwandikia mtu, kwa hayo ya moyo, mapafu na saratani.

Mwenzangu alisikia nusu ya kwanza tu. Dawa yake ya ugonjwa huu, mesalazini, anairuka, anasema ni ghali na sigara moja ni bei ya pipi. Juzi nafua shati lake nikakuta kiberiti mfukoni, na jiko letu la gesi linajiwasha lenyewe. Mama mkwe naye anamtetea: "Mwache avute, bora apone." Nikitaja pumu ya mtoto, mume wangu anajibu atavutia nje, kana kwamba moshi haurudi na nguo.

Simlaumu, shangazi, maumivu yake nayaona. Nikimbana sana atavuta kwa siri, nami nitashindwa kumweleza daktari kinachoendelea. Nimwombe daktari azungumze naye mbele ya mama yake, au hapo nitakuwa nimemdhalilisha?

Mama Watatu, Morogoro