Kwenu mnaorusha Aviator laivu: semeni hiyo pesa ni ya nani

Wanangu wa Kisauni, Likoni na kwingineko,

Nawaandikia nyinyi mnaorusha laivu Aviator, ule mchezo wa kamari wa simuni, si wanaowatazama. Wale wameshahubiriwa vya kutosha.

Nilikaa na mjukuu wangu tukatazama mmoja wenu. Ndege nyekundu inapaa, namba za kuzidisha dau zinapanda nayo, 1.40, 2.15, 6, na lazima utoe pesa kabla ndege haijatoweka; kijana anapiga kelele "toa, toa!", anabonyeza, salio linaruka. Kona ya juu ya kioo kaiziba kwa kibandiko chenye msimbo wa kujisajili kwenye kampuni ya kamari kupitia kwake. Nikauliza chini ya kibandiko pana nini. Mjukuu akacheka. Kumbe Aviator ina upande wa majaribio, salio la bure lisiloingia wala kutoka M-Pesa. Kwa salio hilo, kibandiko kikificha kwamba ni la majaribio, mtu anaweza kutamba usiku kucha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mchezo wenyewe haufichi hesabu yake. Spribe waliouunda wanasema unarudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Mtazamaji mwenye shilingi 500 akiweka 100 mara mia moja, amezungusha 10,000, na kwa wastani 300 zimebaki kwa kampuni. Hiyo ni sehemu tu ya jioni moja, maana raundi ni fupi mno. Na namba ambayo ndege itatowekea kila raundi hutokana na kuchanganya tarakimu za siri za seva, yaani kompyuta ya mchezo, na za wachezaji watatu wa kwanza, hivyo hakuna anayeweza kuijua mapema. Basi anayeuza "signal", yaani utabiri wa namba hizo, Telegram anauza uongo, na anajua.

Hamkuanza nyinyi. Mwaka 2016 Trevor Martin na Tom Cassell walikuwa wakijionyesha YouTube wakishinda kwenye tovuti ya kamari ya CSGO Lotto. Hawakusema kwamba tovuti ni yao. Wenzao walilipwa kati ya dola 2,500 na 55,000 kuisifu, kwa sharti la kutoiponda. Tume ya biashara ya Marekani ilimalizana nao mwaka 2017 bila faini, kwa amri tu ya kutangaza maslahi yao kuanzia hapo. Adhabu laini, kwa maoni yangu. Naye Tyler Niknam, mrusha laivu ajulikanaye kama Trainwreckstv, alisema mwenyewe mwaka 2022 kwamba alilipwa dola milioni 360 kwa miezi 16 ya kucheza kamari mbele ya watu. Mwenye malipo hayo akipoteza, anapoteza nini?

Nyinyi hamlipwi hivyo, najua. Lakini mikataba mingi ya misimbo hulipa asilimia ya anachopoteza aliyejisajili kupitia kwako. Yaani unamwita "familia" huku riziki yako iko kwenye hasara yake. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko kamari yenyewe.

Wala msiseme ni burudani tu. Laivu yenye msimbo ni tangazo. Bodi ya kamari ya Kenya ya wakati huo, BCLB, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, kisha ikaja na masharti yanayokataza watu mashuhuri kuipigia debe.

Siwaambii mfunge akaunti, hamtanisikiliza. Ondoeni kibandiko. Kabla ya kuanza, fungueni jumbe za M-Pesa za mwezi mzima, zilizotoka na zilizoingia, watu wazione. Semeni nani kawapa mtaji, na msimbo unawalipa kwa njia gani. Na kama mkataba haukuruhusu kusema, basi sema hivyo hivyo, kwamba umekatazwa.

Mzee wenu,
Kisauni