Malisho hayo mnayoyaita ya bure

Kwa vijana wa kamati ya laini ya stima,

Wanangu, salamu. Juzi mlipokutana chini ya mgunga nilikaa nyuma nikawasikiliza. Mlikubaliana upesi mno: wapimaji waambiwe waisogeze laini ipite malishoni, mashamba yenye hati yaachwe. "Kule hakuna mwenyewe," alisema mmoja wenu, mkapiga makofi.

Mwenyewe yupo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeigawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Msitu wa serikali ni wa umma, sawa. Lakini malisho, kwa Kifungu cha 63, ni ya jamii, na jamii ni nyinyi pamoja na mama zenu wanaookota kuni kule. Kwa kuwa hatujayasajili, kaunti ndiyo inayotushikia, na hata fidia ikitoka itawekwa huko huko kaunti kwa amana. Mwenye hati atapigiwa simu akachukue hundi. Sisi tutabaki kuandika barua. Sajilini kwanza kwa ile Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ndipo mzungumzie njia.

Sisemi wenye mashamba waumie. Laini ya kilovolti 400 inataka ukanda wa mita 60, yaani kila kilomita inakula karibu ekari 15. Mwenye shamba kubwa ataendelea kulima maharagwe chini ya nyaya. Nyumba na miti mirefu ndiyo marufuku. (Mimi nilipanda mikaratusi chini ya laini ndogo, ikakatwa yote nikiwa nimeshapata mnunuzi. Nilijitakia.) Lakini mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 anamezwa mzima, na choo chake. Huyo ndiye wa kupiganiwa, alipwe na ahame kabla mnara haujasimama.

Wala msidhani kukawiza ni ushindi. Mitambo 365 ya upepo kule Marsabit ilikuwa imesimama tayari 2017, ikakaa hadi 2018 ikingoja laini ya kwenda Suswa, na mizozo ya njia ilikuwa mojawapo ya sababu. Serikali ikadaiwa mabilioni ya kuchelewa.

Jumamosi asubuhi njooni na ramani, tuitembee njia yenyewe kwa miguu. Karibu na korongo kuna makaburi mawili ambayo sikuyaona kwenye ile karatasi yenu.

Ni mimi, mzee wenu.