Wapinzani wa Churchill walipewa madaraka, si vyeo vitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala unaozuka kila panapotajwa serikali ya mseto. Wanaoutetea utaratibu huo hupenda kumtaja Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyetawala pamoja na wapinzani wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wanaoupinga hujibu kwamba mseto ni kugawana vyeo tu. Naona pande zote mbili hazijayachunguza vya kutosha yaliyotokea London mwaka 1940, na hasa zinamsahau Neville Chamberlain, aliyemtangulia Churchill katika uwaziri mkuu.

Churchill alikaa nje ya serikali tangu 1929 hadi vita vilipoanza Septemba 1939, na katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho alikuwa mkosoaji mkali wa sera ya Chamberlain ya kumridhisha Hitler. Makubaliano ya Munich ya 1938, yaliyompa Hitler sehemu ya Czechoslovakia, aliyaeleza bungeni kuwa ni kushindwa kusiko na kifani. Kwa hiyo alipokuwa Waziri Mkuu tarehe 10 Mei 1940, angeweza kumweka kando mtu ambaye matukio yenyewe yalikuwa yameonyesha kwamba alikosea, na wananchi wengi wangemuunga mkono. Badala yake alimwingiza katika Baraza la Vita lililokuwa na watu watano tu: yeye mwenyewe, Chamberlain, Lord Halifax aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na viongozi wawili wa Chama cha Labour, Clement Attlee na Arthur Greenwood.

Sidhani kwamba huo ulikuwa ukarimu mtupu. Chamberlain alikuwa bado kiongozi wa Chama cha Conservative, na Churchill alipoingia bungeni tarehe 13 Mei, wabunge wa chama chake mwenyewe walimshangilia Chamberlain kuliko walivyomshangilia yeye. Lakini uamuzi huo ulizaa matunda mapema kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Kati ya tarehe 26 na 28 Mei, majeshi ya Uingereza yakiwa yamezingirwa Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa, na Ufaransa yenyewe ikielekea kuanguka, Halifax alitaka Mussolini, mtawala wa Italia, aombwe kusaidia kutafuta masharti ya amani. Churchill alikataa, akiamini kwamba nchi ikishaketi mezani ikiwa dhaifu haitasimama tena. Mabishano yalikuwa makali hadi Halifax akafikiria kujiuzulu. Attlee na Greenwood walisimama na Waziri Mkuu, naye Chamberlain, aliyekuwa akisitasita mwanzoni, hatimaye akaegemea upande huohuo. Kama Chamberlain angekuwa nje, akiwa na kinyongo na nyuma yake wabunge wengi wa chama chenye viti vingi kuliko vyote, ni vigumu kuamini kwamba msimamo wa Churchill ungepita.

Upande wa Labour ndio unaojibu vizuri zaidi hoja ya kugawana vyeo. Ernest Bevin alikuwa kiongozi wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi, na katika mgomo mkuu wa 1926 yeye na Churchill walikuwa pande zinazopingana, Churchill akiendesha gazeti la serikali lililowashambulia wagomaji. Mtu huyu, ambaye wakati huo hata mbunge hakuwa, alikabidhiwa Wizara ya Kazi pamoja na mamlaka mapya ya kisheria ya kumpeleka mfanyakazi yeyote mahali alipohitajika. Attlee naye mara nyingi aliongoza vikao vya baraza Churchill aliposafiri, na mwaka 1942 akatambuliwa rasmi kuwa Naibu Waziri Mkuu. Uendeshaji wa vita Churchill aliushika mwenyewe kwa kujifanya pia Waziri wa Ulinzi. Mambo mengi ya ndani ya nchi aliwaachia wenzake, nao wakayatenda.

Siandiki haya kumtukuza mtu huyo. Sisi wa Afrika Mashariki tunakumbuka kwamba vijana wetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, walipelekwa kupigana hadi Burma kwa ajili ya dola ambayo Churchill hakutaka ivunjwe, na kwamba alikuwa Waziri Mkuu tena wakati hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952. Namna aliyoendesha baraza lake bado inastahili kusomwa kwa makini.

Jambo jingine ambalo watetezi wa mseto hawalitaji ni kwamba ule ulikuwa na mwisho. Ujerumani iliposhindwa Mei 1945, Labour walitoka serikalini, uchaguzi ukafanyika, na mwezi Julai Attlee akamshinda Churchill kwa kishindo.

Kwa hiyo ninaomba waandishi wako, siku itakapotangazwa serikali ya mseto popote katika ukanda wetu, wasiishie kuchapisha majina ya walioapishwa. Watueleze kila aliyetoka upinzani amepewa mamlaka gani kisheria, ana bajeti gani, anaweza kupinga nini ndani ya baraza bila kufukuzwa, na mseto huo utakwisha lini ili wananchi wapige kura.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa Morogoro