San Marco si Uhuru peke yake

Mhariri,

Kituo cha San Marco, kituo cha kurushia roketi katika pwani yetu ya Kenya, kinapotajwa magazetini, habari huwa ni ya Uhuru, setilaiti ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, iliyorushwa Desemba 12, 1970. Inastahili sifa hizo. Kinachoniuma ni kwamba setilaiti ya Explorer 45, iliyorushwa hapo hapo mwaka uliofuata, karibu haitajwi kabisa.

Iliruka Novemba 15, 1971 kwa roketi ya Scout, kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa na uzito wa kilo 52 hivi, na ilitumwa kuchunguza dhoruba za sumaku. Jua hutoa bila kukoma upepo wa chembe zenye chaji ya umeme, mara nyingi kwa mwendo wa kilomita 400 kwa sekunde. Upepo huo ukiutikisa sana uga wa sumaku wa dunia, chembe hujazana juu ya ikweta: protoni huzunguka kuelekea magharibi, elektroni kuelekea mashariki, na kwa pamoja huwa mkondo mkubwa wa umeme unaoizunguka dunia nzima. Mkondo ukikua, nguvu ya sumaku inayopimwa huku chini hushuka.

Anayetaka kuupima mkondo huo sharti apite ndani yake, na hapo ndipo pwani yetu ilipokuwa na thamani isiyo na mbadala. Setilaiti iliyorushwa moja kwa moja kutoka Florida ingezunguka katika njia iliyoinama digrii 28 au zaidi kutoka ikweta, na roketi ndogo kama Scout haikuwa na nguvu za kuinyoosha njia hiyo ifuate ikweta. Ngomeni iko digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Explorer 45 ilipanda hadi karibu kilomita 27,000, na mwezi mmoja baada ya kurushwa, Desemba 17, ikaikuta dhoruba kubwa na kuipima ikiwa ndani yake. Iliendelea kufanya kazi hadi 1974.

Nafundisha fizikia, na huona wanafunzi wa pwani wakidhani sayansi ya anga ni mambo ya mbali. Wakati wa dhoruba hizi mawimbi ya GPS huvurugika, na wavuvi wetu wanaitegemea.

Naomba gazeti lako limtume mwandishi Ngomeni. Waliokuwa watu wazima mwaka 1971 sasa wamepita miaka 70. Wahojiwe kuhusu kazi ya jukwaani na roketi walizoziona zikipaa, na majibu yao yachapishwe kwa Kiswahili.

Mwalimu wa fizikia,
Kilifi