Figo ya nguruwe, Somoe

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Somoe,

Wasalimie wote hapo Lindi. Unauliza kama kweli ukiondoa jeni moja tu, figo ya nguruwe inakaa ndani ya mtu. Haikai. Ingekuwa mkorosho, tungebebesha kikonyo, tukafunga nailoni, basi. Jeni hiyo moja inakuvusha saa za mwanzo tu.

Ni GGTA1, inayotengeneza sukari ya alfa-gal juu ya seli za nguruwe. Sisi hatuna sukari hiyo, na bakteria wa tumboni wametuzoesha tangu utotoni kutengeneza kingamwili dhidi yake. Figo isiyohaririwa, mishipa ikishaunganishwa, hufa ndani ya dakika au saa chache. Basi huzimwa hiyo pamoja na mbili nyingine za sukari, CMAH na B4GALNT2. Kisha huongezwa za binadamu: CD46 na CD55 za kutuliza komplementi (protini za kinga za damuni zinazotoboa seli ngeni), thrombomodulini ya kuzuia damu isigande kwenye vimishipa.

Kazi huanzia kwenye seli. Mkasi wa CRISPR-Cas9 hukata DNA. Seli ikiunga ule mkato hukosea herufi, jeni ikafa. Mkasi huweza kukata pasipotakiwa pia, kwa hiyo DNA husomwa upya. Kiini cha seli iliyofaulu huingizwa kwenye yai lililotolewa kiini chake, likashtuliwa kwa umeme. Jike mmoja huwekewa viinitete vingi, maana vingi huharibika. Mimba ni siku 114 hivi.

Mimi lakini naogopa banda kuliko mkasi. David Bennett, aliyewekewa moyo wa nguruwe huko Baltimore Januari 2022, aliishi miezi miwili; virusi vya sitomegalo vya nguruwe vikaonekana baadaye, ingawa sampuli za pua za yule nguruwe hazikuvigundua. Vilijificha! Ndiyo sababu sasa nguruwe hupimwa pia kingamwili kwenye damu, na watoto wao hutengwa na mama mapema. Virusi vya nguruwe viitwavyo PERV ni kesi nyingine: vimo ndani ya DNA yake yenyewe, usafi wa banda hauvifikii. Nguruwe aliyetoa figo iliyopandikizwa Boston Machi 2024 alihaririwa mahali 69, na 59 kati ya hapo ni kwa ajili ya kuvizima hivyo.

Dawa za kushusha kinga nazo ziko palepale. Towana Looney, mgonjwa wa Marekani aliyewekewa figo ya nguruwe, alikaa nayo siku 130. Dawa zilipopunguzwa ili atibiwe maambukizi, mwili ukaikataa. Ikatolewa Aprili 2025, akarudi kusafishwa damu.

Uharamu wake mwulize sheikh, si mimi. Ila huyo mgonjwa unayemuulizia asisubiri nguruwe. Ndugu zake wapimwe; Muhimbili wanapandikiza figo za watu tangu 2017.

Wako,
Zainabu