Wakimbiaji na waendesha baiskeli wa Goba wapatiwe njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonigusa kila alfajiri. Sisi wakazi wa Goba tunaokimbia au kuendesha baiskeli kabla ya kwenda kazini hutoka saa kumi na moja na nusu, giza likiwa bado halijaondoka, kwa sababu jua likishapanda joto na unyevu wa pwani hii humchosha mtu haraka, na magari nayo huwa yameshajaa barabarani.

Tatizo ni mahali pa kupita. Pembeni mwa lami kuna mtaro ulio wazi, na penye nafasi kidogo pamemwagwa mchanga na kokoto za kuuza, hivyo mkimbiaji hulazimika kuingia katika njia ya magari. Mwezi uliopita binti yangu aligongwa na kioo cha daladala akaanguka na baiskeli mtaroni. Namshukuru Mungu aliumia kiwiko tu, lakini tangu siku hiyo hataki tena kupanda baiskeli, na hilo linaniuma kuliko jeraha lenyewe.

Barabara ya Morogoro ilipojengewa njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, iliwekewa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kwa barabara zetu za mitaa sidai makubwa hayo: naomba mamlaka husika ifunike mitaro kwa zege ili tupite juu yake, na iweke taa.

Mkazi wa Goba,
Dar es Salaam